Kupimwa Mkojo Katika Miezi ya Majaribio

(Maneno yaliyosemwa na mjumbe mmoja wa chama mbele ya wanachama wa Kawangware na Kibera, Jumapili alasiri, karibu na steji ya 56. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo.)



Mimi si mwanasheria wala si daktari. Ni mlinzi wa lango, na kwa miaka kadhaa wenzangu wamenichagua kuwa mjumbe wa chama kazini kwetu. Nimeombwa niseme juu ya jambo moja linaloleta matata siku hizi. Mfanyakazi aliye katika miezi ya majaribio anaitwa asubuhi, anapewa kikombe, anaambiwa atoe mkojo. Baada ya dakika tano anaambiwa arudishe sare, kazi imekwisha. Nitasema ninayoyajua, kisha mtauliza maswali.

Lakini kwanza nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mahali nilipokuwa nikifanya kazi zamani, aliandikwa kijana mmoja wa huku kwetu Kawangware. Jina lake silitaji, maana ni lake. Alipewa majaribio ya miezi 6, naye alikuwa amefika mwezi wa nne. Kila siku alitoka hapa 56 kwa miguu kabla ya jua kuchomoza, na sikumsikia hata siku moja akichelewa. Asubuhi moja wageni wote wakaitwa. Msimamizi alikuja na pakiti ya vijiti vya kupimia. Mkojo wa kijana yule ulikuwa na rangi ya machungwa, karibu na nyekundu. Msimamizi akacheka, akasema kwamba hata bila kijiti macho yanaona. Akatia kijiti, na kijiti kikaonyesha alama ya afyuni, yaani jamii ile ile ya heroini.

Kijana akanijia mbio. Akaniambia, "Mzee, nisaidie. Mimi sivuti wala sijidungi." Nami nikamjibu hivi: "Wewe uko majaribio. Chama hakina neno hapo. Kijiti hakisemi uongo. Nenda ukatafute kazi nyingine." Hayo yalikuwa maneno yangu mimi mwenyewe. Hakuna tajiri aliyenituma kuyasema.

Miezi ikapita. Siku moja nilimpeleka mtoto wangu zahanati, nikamkuta kijana yule katika foleni ya dawa za kifua kikuu, kadi yake mkononi. Alikuwa akimeza dawa tangu zamani zile za kazini. Alikuwa ameficha kwa sababu aliogopa kwamba wakijua ana kifua watamfukuza. Basi wakamfukuza kwa jambo jingine. Muuguzi wa pale akanieleza kwamba mojawapo ya dawa hizo, rifampisini, hugeuza mkojo uwe na rangi ya machungwa au nyekundu. Baadaye daktari akaniongezea kwamba dawa hiyo hiyo imewahi kufanya baadhi ya vipimo vya haraka vionyeshe alama ya afyuni kwa mtu asiyetumia afyuni kabisa.

Je, ndivyo ilivyokuwa kwa kijana yule? Hakuna awezaye kusema. Kijiti kilitupwa pipani asubuhi ile ile na mkojo ukamwagwa. Hakuna aliyeupeleka maabara. Hakuna aliyemwuliza anameza dawa gani. Na mimi, niliyechaguliwa kuuliza, sikuuliza. Dawa ya kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi 6, na majaribio yake yalikuwa miezi 6. Alihitaji mshahara ule ili ale na kupona.

Ndiyo sababu nasimama mbele yenu leo.

MAJARIBIO NI NINI

Wengi wetu tunadhani mtu wa majaribio ni kama mgeni aliyeketi mlangoni, anayeweza kuondolewa kwa ishara ya kidole. Sivyo. Yeye ni mfanyakazi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama. Haikusema "ila yule wa majaribio."

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 42, inasema majaribio yasizidi miezi 6. Yanaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi 6, lakini mfanyakazi mwenyewe akubali. Kwa hiyo mtu aliyekaa miaka miwili akiitwa "wa majaribio" anadanganywa. Sheria hiyo inasema pia kwamba mkataba wa majaribio unaweza kuvunjwa kwa notisi isiyopungua siku 7, au mshahara wa siku 7 badala yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Kifungu cha 41 cha Sheria hiyo ya Ajira kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, kazi mbaya au udhaifu wa mwili, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na asikilize majibu yake. Wakati huo mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama kando yake. Lakini kifungu cha 42 kilimtoa mtu wa majaribio katika haki hiyo. Kwa miaka mingi matajiri walitumia mlango huo, na sisi wajumbe tukaamini kwamba hatuna la kufanya.

Mwaka 2021, majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walisikiliza kesi ya wafanyakazi wa chuo kikuu kimoja walioachishwa wakiwa katika majaribio. Wakasema sehemu ile ya kifungu cha 42 inapingana na Katiba, na kwamba mtu wa majaribio naye asikilizwe kabla ya kuachishwa. Hawakusema kwamba hawezi kuachishwa. Walisema asiachishwe kabla hajasema neno lake. Jibu nililompa kijana wangu, kwamba chama hakina neno hapo, leo ni jibu la uvivu.

KIJITI KINASEMA NINI

Kijiti ni shahidi mmoja. Shahidi husikilizwa, na pia huulizwa maswali.

Vijiti hivi vya haraka havioni bangi wala heroini yenyewe. Vinashika umbo la kitu fulani katika mkojo, na kitu kingine chenye umbo la kufanana kinaweza kuvidanganya. Nimekwisha kutaja rifampisini. Dawa za maumivu au za kikohozi zenye kodeini huleta alama ya afyuni kwa haki kabisa, maana kodeini ni ya jamii hiyo, hata kama umeinunua kwa chemisti kwa sababu ya mgongo. Baadhi ya dawa za mafua za kuzibua pua zimewahi kuleta alama ya amfetamini. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu, kama siprofloksasini na jamii yake, zimewahi kuleta alama ya afyuni.

Kwa hiyo wenye ujuzi wa kazi hii hawaishii kwenye kijiti. Kijiti kikionyesha alama, mkojo ule ule hupelekwa maabara, katika mashine inayotenganisha vitu vilivyomo na kuvitambua kimoja kimoja. Jibu la mashine hiyo ndilo la kutegemea. Kijiti peke yake kinatuambia tu kwamba kuna jambo la kuchunguzwa.

Jambo la pili ni wakati. Kifaa cha kupuliza kinapima pombe iliyo mwilini mwako saa hiyo. Mkojo hauko hivyo. Mtu aliyevuta bangi mara moja anaweza kuonekana siku kadhaa baadaye, na aliyezoea kuvuta sana anaweza kuonekana hata baada ya mwezi mmoja. Hivyo alama ya mkojo haisemi kwamba mtu alikuwa amelewa langoni asubuhi ile. Sheria ya Ajira, kifungu cha 44, inapotaja ulevi kuwa kosa kubwa, inasema juu ya mtu aliyelewa saa za kazi hata asiweze au asitake kufanya kazi yake sawasawa. Hayo ni mambo mawili, na mjumbe ajue kuyatenganisha.

UKWELI WA UPANDE WETU

Sasa msinipigie makofi mapema, maana nina neno kwetu sisi pia.

Kuna watu miongoni mwetu wanaokuja kazini wamelewa. Tunawajua. Mtu wa mjengo aliyepanda jukwaani na chang'aa kichwani anaweza kuangusha jiwe juu ya mwenzake aliye chini. Dereva aliyekesha kilabuni anachukua abiria 14 ambao hawakunywa naye. Mlinzi aliyelala kwa bangi anawaachia wezi familia nzima. Chama si mwavuli wa kufunika hayo. Mwajiri ana wajibu wa kulinda usalama mahali pa kazi, na sisi ndio wa kwanza kufa pale usalama unapokosekana. Bangi ni haramu kwa sheria ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya, na hakuna mjumbe atakayeweza kuihalalisha ofisini kwa tajiri.

Tunachodai ni kwamba mwenye kosa ajulikane kwa njia ya haki, na asiye na kosa asitupwe pamoja naye.

UKIITWA KUPIMWA

Basi ndugu mliomo katika majaribio, shikeni haya.

Kwanza, soma barua yako ya kazi na kanuni za kampuni kabla ya siku hiyo. Kama ulitia sahihi kwamba utapimwa, kukataa tu kunaweza kuhesabiwa kosa. Kama hakuna neno lililoandikwa, uliza kwa adabu: ni kanuni gani, na wanapimwa wote au mimi peke yangu? Usigombane.

Pili, kabla ya kutoa mkojo, andika kila dawa unayomeza, ya hospitali na ya chemisti. Lakini usimpe karatasi hiyo msimamizi mbele ya watu. Ugonjwa wako si habari ya lango. Omba umpe daktari au muuguzi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti, na inakupa haki ya kuona yaliyoandikwa juu yako.

Tatu, hakikisha chupa imeandikwa jina lako na kufungwa ukiona. Vikombe 10 visivyo na majina juu ya meza moja ni hatari kwa wote 10.

Nne, kijiti kikionyesha alama, sema maneno haya: "Naomba mkojo huu huu upelekwe maabara." Yaandike, weka tarehe, na ubaki na nakala.

Tano, usitie sahihi barua ya kujiuzulu. Wengi hushawishiwa hivi: "Andika umeacha mwenyewe, tusikuharibie jina." Ukiandika hivyo umejifukuza. Wakikupa karatasi ya kupokea, andika chini yake, "Nimepokea, lakini sikubali."

Sita, mwite mjumbe au mwenzako kabla ya kikao, si baada ya kurudisha sare.

Saba, usinunue dawa ya kusafisha mkojo, wala usiazime mkojo wa jirani. Anayekuuzia dawa hiyo anakula pesa zako bure, na ukikamatwa umeongeza udanganyifu juu ya shaka.

Ukiachishwa hata hivyo, dai mshahara wa siku zote ulizofanya kazi. Hata aliyefukuzwa kwa kosa kubwa analipwa siku zake. Kama umefanya kazi wiki 4 au zaidi, dai pia cheti cha utumishi. Kisha uende kwa afisa wa kazi upeleke malalamiko, na usipitishe miezi 3.

MAJARIBIO YA KORTI

Wako ndugu waliokuja kuniuliza juu ya majaribio ya namna nyingine, yale ya korti, tunayoita probesheni. Mtu amepatikana na kosa, na badala ya kufungwa anawekwa chini ya afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Korti inaweza kumwekea masharti juu ya mwenendo wake. Hapa neno langu ni fupi. Afisa huyo si tajiri wako, na hakuna kikao cha chama kwake. Mwambie ukweli. Ukiwa unameza dawa, mwonyeshe kadi. Ukiteleza, mwendee wewe kabla hajakutafuta, umwombe msaada. Anayekimbia huletwa tena mbele ya hakimu, na hapo anaweza kuadhibiwa kwa kosa lile la kwanza. Na kama siku ya kuripoti inagongana na zamu yako, tuambie mapema. Kubadilishana zamu ni jambo ambalo mjumbe anaweza kulitengeneza.

ALIYESHIKWA NA ULEVI

Kuna pia yule ambaye kijiti kimesema kweli juu yake, naye anataka kuacha lakini hawezi. Huyu tusimcheke. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo unaosema kwamba taabu ya pombe na dawa za kulevya ihesabiwe kuwa jambo la afya, na mtu atendewe kama mgonjwa mwingine yeyote, bila ubaguzi. Hapa Nairobi, hospitali ya Mathari inatibu watu wa namna hii. Tangu mwisho wa mwaka 2014 pana kliniki ya kuwapa dawa ya methadoni walioshikwa na heroini. Anayekunywa methadoni kwa amri ya daktari awe na karatasi yake, maana nayo huonekana katika vipimo vilivyotengenezwa kuitafuta. NACADA nao wana simu ya msaada isiyolipishwa, namba 1192. Mke au mama pia anaweza kupiga.

KAZI YA CHAMA

Wazee wetu walivaa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwafrika alikibeba katika kikasha cha bati shingoni, na bila sahihi ya tajiri aliyemwacha hakupata kazi kwa tajiri mwingine. Sahihi ya mtu mmoja ilimfunga popote alipokwenda. Wafanyakazi walipigana na kipande kwa miaka mingi mpaka kikaondolewa. Tusikubali kijiti cha dakika tano kiwe kipande kipya, habari yake ikipigwa kwa simu kutoka kampuni moja hadi nyingine, mpaka kijana asipate lango la kulinda Nairobi nzima. Yanayoandikwa katika cheti cha utumishi yametajwa na sheria: jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe za kuanza na kumaliza, aina ya kazi na mahali pake. Katika orodha hiyo hamna habari ya mkojo.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uwaagize viongozi, watakapokaa na waajiri juu ya mkataba wa pamoja, wadai haya. Kanuni ya kupima iandikwe na isomwe kwa Kiswahili. Mkojo uchukuliwe na mtu wa afya, si msimamizi. Kila alama ithibitishwe maabara kwa gharama ya mwajiri, na mshahara usikatwe wakati wa kungoja. Mtu wa majaribio asikilizwe akiwa na mjumbe wake. Anayeomba matibabu apewe nafasi ya kutibiwa. Majibu yabaki siri.

Nanyi wajumbe wenzangu, acheni kungoja mtu athibitishwe kazini ndipo mumwandike chamani. Mwandikeni wiki ya kwanza. Hapo ndipo ana hofu, na hapo ndipo anatuhitaji.

Yule kijana alipona kifua. Sasa anauza mayai ya kuchemsha jioni karibu na steji, na nikipita hunisalimu, "Shikamoo, mzee." Hajanidai kitu. Niliwahi kumwomba radhi, akasema yamepita. Kwangu hayajapita, na ndiyo maana nimeyasema mbele yenu. Kesho mtu wa majaribio akija mbio kwa mmoja wenu, asipewe jibu nililompa yule. Aulizwe kwanza, "Unameza dawa gani? Na mkojo uko wapi?"

Nimemaliza. Sasa ulizeni maswali.